Akili Chini ya Magunia

Jumatano, 3 Septemba

Kosa linalofanywa na wenye kazi wengi ni kudhani kwamba mfanyakazi aliyesimama ameacha kazi. Wakimwona mtu ameweka nyundo chini na kulikodolea macho paa la jirani, wanamkemea. Wakimwona mwingine anapiga bati bila kuinua kichwa, wanamsifu. Kumbe huenda wa kwanza ndiye anayefanya kazi, na wa pili anarudia tu kosa la jana kwa bidii kubwa. Nilikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninajua kwamba mwanafunzi anayejaza kurasa si lazima awe ndiye anayefikiri.

Ninaanza shajara hii kwa ombi la Shakila, binti wa marehemu dada yangu. Ana atelye, yaani karakana, ya gutiere, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua chini ya paa, kwenye barabara ya kwenda Munigi. Parsele yenyewe, yaani kiwanja, si yake. Ni ya shemeji yake, Assani, kaka wa marehemu mume wake. Jana Assani alimwambia wazi: atelye ikiendelea kulegea hivi mpaka Noeli, atawakodisha parsele wauza saruji.

Shakila alikuja kwangu akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mujomba, miye nachoka. Nimeweka kapita, nimemupa filimbi, nimefunga hata redio. Ile batu inatumika kazi kama batu ya matanga. Uje ukae pale, uangalie, uandike. Weye ulikuwa prefe, unajua kushika batu."

"Prefe hashiki watu, mama. Anawasikiliza mpaka wachoke kumdanganya."

"Basi uwasikilize mbio. Noeli haiko mbali."

Nimekubali kwa sharti moja: niandike kwa uhuru, naye asome msimu ukiisha. Akiona inafaa, awape na wenye atelye wenzake.

Ijumaa, 5 Septemba

Vumbi. Majivu ya volkano juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Mvua hakuna.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwisha kuwafahamu wote. Mkubwa wao ni Papa Zéphirin, mkunjaji wa bati, mtu wa maneno machache. Habiyaremye, wanamwita Habi, ni kijana mwenye mke na watoto, mwenyeji wa Kalengera. Kazi yake ni kukata. Shida analehemu viungo kwa risasi na moto wa makaa, na hakuna mwanamume hapa anayemkaribia kwa ulimi. Akonkwa amekuja kutoka upande wa Bukavu. Anabeba, anapaka rangi, anachekesha. Juu yao yuko Lionel, kapita, yaani msimamizi, mwenye filimbi shingoni na saa kubwa mkononi.

Wanalipwa kwa kipande. Kila gutiere ina bei yake, na jioni kapita anahesabu.

Leo Zéphirin alisimama kwa muda akitazama paa la jirani, anatafuna kijiti. Filimbi ikalia.

"Papa Zéphirin! Ile paa inakulipa?"

"Hapana, kapita."

"Basi unaangalia nini?"

"Naangalia kama weye utaniuliza."

Wote walicheka ila Lionel. Mimi nilimwona Lionel kuwa mtu mgumu, mwenye moyo wa saa yake.

"Na ule muzee iko naandika nini?" nilimsikia Akonkwa akimnong'oneza Shida.

"Iko natuandika."

"Aandike tu. Lakini kwangu aandike kama niko murefu."

Jumatatu, 15 Septemba

Lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Goma halielezi, kwa sababu amezaliwa nalo. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikianguka, mawe yanaimeza yote, hakuna kisima. Asiyekinga maji ya paa lake anapanga mstari na bidoni, dumu lake la maji, au anashuka mpaka ziwani. Munigi, ambako ziwa liko mbali zaidi, gutiere ni kama ng'ombe wa maziwa: ukiwa nayo, nyumba inakula.

Ndiyo maana leo, Mama Nyirakamana wa Munigi alipoingia na gutiere yetu kichwani, imekunjika kama mguu wa panzi, watu wote waliacha kazi. Aliitupa mbele ya Shakila.

"Mama Shakila, chukua mutoto wako. Amekataa ndoa."

"Imefanya nini, mama?"

"Imelala chini! Nyumba yangu ni ya mbao. Majivu inajaa ndani ya gutiere, inakuwa matope, inakuwa mizito, musumari inatoka na ubao yake. Na siye hatunywake mvua ya kwanza. Ile ya kwanza inaosha bati, iko na uchungu ya volkano. Sasa kila mvua ikianza, niko narudisha bidoni nyuma, nasimama ndani ya mvua sawa sanamu, nangojea paa itakate."

Kisha akasema jambo lililomfanya Shakila aketi. Majirani zake wa mstari mzima, wote wenye nyumba za mbao, wanataka gutiere kabla mvua kubwa za Novemba hazijaisha. Wanangoja kuona ya kwake. Ikisimama, wote watanunua hapa. Ikianguka tena, watatafuta kwingine.

Mstari ule ndio unaoweza kuiokoa atelye. Shakila alijua, Lionel alijua, hata Akonkwa hakupata mzaha.

Alhamisi, 18 Septemba

Wingu kubwa, halafu hakuna kitu. Filimbi imelia zaidi ya mwadhini.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimeona ajabu!

Shakila na Lionel walikwenda Bunagana kufuata bati zilizokwama forodhani. Mimi nilikwenda kuswali. Nilirudi mapema kuliko walivyotazamia, na kabla sijafika mlangoni nilisikia wimbo. Nyundo zilikuwa zikicheza. Nikaingia taratibu.

Chini, katikati ya atelye, palikuwa na gogo nene lililochongwa mfereji juu yake. Habi analaza bati juu ya mfereji. Zéphirin analaza mti wa mviringo juu ya bati. Akonkwa na Shida wanapanda juu ya mti huo, mmoja huku, mwingine kule, wanashikana mikono kama wanaocheza arusini, wanaruka mara mbili, na gutiere imezaliwa! Kazi ambayo kila siku huchukua vipigo vingi vya nyundo, leo inamalizika kabla sijavua viatu.

Waliponiona, wimbo ulikatika. Akonkwa akaruka chini, akavuta magunia, akafunika gogo kama mtu anayefunika chungu.

"Prefe, hujaona kitu."

"Nimeona kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu."

"Njo vile nasema. Hujaona."

Nilikaa juu ya ndoo. Nimejifunza kwamba mtu mwenye siri humwambia anayekaa, hamwambii anayesimama. Tukanywa chai. Hatimaye Shida ndiye aliyesema.

"Prefe, miaka iliyopita Habi alitafuta namna ya kukunja mudomo ya gutiere juu ya reli ya chuma. Ikawa mbio. Tukafurahi, tukaonyesha patron Shakila. Ile Jumamosi tu, patron akapunguza bei ya kipande. Sababu sasa tuko natengeneza mingi, alisema. Tukatumika zaidi, tukapata sawa na zamani. Akili yetu ilikula chakula yetu."

"Na mkafanya nini?"

"Tulikomaa," akasema Habi. "Sasa mutu akiwaza, anawaza ndani ya gunia."

Basi nikafahamu. Zéphirin alichonga mfereji, Habi akafikiria mti wa juu, Akonkwa akapata gogo kwa mtengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Shida akagundua kwamba kuruka ni bora kuliko kupiga. Siku wenye macho wakiondoka, wanatengeneza kwa wingi na kuficha. Siku nyingine wanatoa chache chache, hesabu ya kapita ikae palepale. Muda unaobaki wanauigiza. Yale matanga anayoyaona Shakila ni mchezo wa kuigiza, na wachezaji wake ni hodari.

"Utamwambia?" akauliza Zéphirin.

"Hapana. Mtamwambia ninyi."

"Siku gani?"

"Siku itakapokuwa faida kwenu."

Akonkwa alinitazama kwa huruma. "Prefe, ile siku haina namba kwenye kalandri."

Jumapili, 28 Septemba

Nilimwita Shakila nyumbani kwangu, nikampa ndizi na maharagwe. Sikumwambia nilichokiona. Nilimwuliza swali kama la mtihani.

"Tuseme mfanyakazi wako mmoja anapata njia ya kutengeneza gutiere kwa nusu ya muda. Bei ya kipande utaifanya nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nitaipunguza. Njo vile batu yote inafanyaka."

"Na yeye ataionaje?"

"Mujomba, ni kazi yangu, bati yangu."

"Sawa. Sasa sikiliza. Mfugaji wa Masisi ana ng'ombe. Siku ng'ombe anaongeza maziwa, mfugaji anampunguzia majani, kwa sababu, anasema, huyu sasa maziwa yanamtoka kirahisi. Mwaka ujao utamkuta na maziwa kiasi gani?"

"Batu hawako ng'ombe."

"Kweli. Ng'ombe hawezi kuyaficha maziwa."

Aliacha kula. Aliinuka, akasema mimi namtetea kila mtu isipokuwa damu yangu, akaondoka na hasira. Nikamaliza maharagwe peke yangu. Nilikuwa na furaha, maana mtu hakasiriki namna ile kwa neno ambalo halijamfikia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua! Mji mzima umegeuka ngoma. Gutiere zetu za mlangoni zinavuja kwenye viungo vyote. Shida amezitukana moja moja kwa majina.

Jumatatu, 6 Oktoba

Shakila aliingia atelye asubuhi, akamwomba Lionel filimbi, akaiweka mfukoni mwake. Akasema mbele ya wote, mimi na Papa Zéphirin tukiwa mashahidi: "Bei ya kipande haitashuka. Hata mukitengeneza mpaka bati ya Bunagana yote iishe. Naapa kwa kaburi ya bwana yangu."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Asante, patron," akasema Akonkwa kwa heshima nyingi mno. "Na maji ya ziwa nayo itakuwa maziwa?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Magunia yako palepale. Hakuna aliyesema.

Nawaandikia wenye kazi watakaosoma: msitarajie neno lenu liaminiwe siku mnapolisema. Hofu iliyojengwa kwa miaka haibomoki kwa hotuba moja. Watu wataweka kwanza kidole kimoja majini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kidole ni cha Shida! Jumanne alimwonyesha Shakila namna ya kukunja kiungo mara mbili kabla ya kulehemu. Risasi inayotumika ni kidogo na maji hayapiti. Ni jambo dogo, alilokuwa akilijua tangu zamani. Alichagua dogo makusudi, ili akilipoteza lisimuume. Wiki nzima ametoa vipande vingi. Leo wamelipwa mapema, maana kesho ni salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji. Watu wote walikuwa wanatazama mkono wa Shida kama watu wanaotazama penalti.

Bei haikushuka.

Shida alihesabu, akahesabu tena, akainua macho. "Patron, hujakosea?"

"Sijakosea."

"Kesho tutoke salongo mbio," akasema Zéphirin, na ile ni sentensi ndefu kwake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tulimaliza salongo ya kusafisha mtaro wa barabara, tukarudi atelye na majembe bado mikononi. Zéphirin akavuta magunia mwenyewe.

Shakila alilizunguka gogo. Alipanda juu ya mti pamoja na Shida, akaruka, akapiga kelele kama msichana. "Tangu lini? Tangu lini munalala na hii kitu?" Habi akasema tangu mvua za mwaka jana. Nilidhani atalia. Alicheka, lakini kicheko chenye maumivu, maana alikuwa anahesabu moyoni yote aliyoyapoteza kwa kupunguza bei ile Jumamosi moja.

Katika furaha hiyo hakuna aliyemtazama Lionel. Alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Miye ni kapita," akasema. "Chini ya miguu yangu. Kila siku munanicheka chini ya miguu yangu."

Akaweka saa yake juu ya meza, akaondoka. Akonkwa alipiga mluzi wa filimbi nyuma yake, na wengine wakacheka. Mimi nilitabasamu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Lionel hakuja. Gutiere zimepangana mpaka mlangoni. Nani anahitaji kapita?

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku mbaya, na lazima niiandike yote.

Jana dhoruba ilipiga Munigi. Gutiere mpya ya Mama Nyirakamana, tuliyoifunga Alhamisi kwa nyimbo, imeanguka. Imeanguka sawasawa na ile ya kwanza: majivu, matope, uzito, msumari, ubao. Ilianguka juu ya mapipa yake ya maji na kulipasua moja. Leo asubuhi alikuwa hapa, na safari hii hakuwa na mzaha wala gutiere kichwani. Alikuja mikono mitupu.

"Zamani mulikuwa munatengeneza kitu mubaya polepole," akamwambia Shakila. "Sasa munatengeneza kitu mubaya mbio. Mumeleta haraka yenu kwangu, lakini akili yenu mumeiacha hapa."

"Tupe siku zingine, mama."

"Mvua haiko nafanya kazi kwako. Nawapa mpaka katikati ya Novemba. Kisha majirani wanakwenda kwingine."

Alipotoka tu, Assani aliingia. Hakuja peke yake: alikuwa na wauza saruji wawili, na wale wakaanza kupima uwanja kwa utepe, mbele yetu, wakipitisha utepe juu ya miguu ya Shida kama vile ni jiwe. Assani si mtu mbaya. Ana watoto wengi shuleni, na tangu mabenki ya mji yafungwe kwa sababu ya vita kila mtu anatafuta ardhi yake imletee kitu. Alimsalimu Shakila kwa upole, akasema, "Shemeji, napima tu. Kupima haiko kufukuza." Lakini utepe ulisema vingine.

Utepe ukakunjwa, wakaondoka. Nami nikafikiri, na fikra yenyewe ni hii: gogo liliwapa wingi, nasi sote tukaita wingi maendeleo. Mfanyakazi huvumbua dhidi ya kile kinachomuumiza. Hawa kilichowaumiza ni vipigo vya nyundo, basi walivumbua dhidi ya nyundo. Hakuna hata mmoja wao anayeishi kwa gutiere hizi Munigi. Nani kati yetu anaumia paa linapoangusha mfereji?

"Nani kati yenu analala ndani ya nyumba ya mbao?" nikauliza.

Shida anapanga nyumba ya mawe. Habi vilevile. Zéphirin anakaa kwa mwanawe, ya matofali. Akonkwa alisema yeye analala popote anapopewa chakula.

"Lionel," akasema Shida polepole. "Lionel iko na nyumba ya mbao. Kule Katoyi."

Jumatano, 29 Oktoba

Nilikwenda Katoyi. Mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilifika nimelowa mpaka mfupa. Sikubisha hodi. Nilisimama nje nikitazama paa la Lionel, mdomo wazi, sawasawa na Zéphirin na kijiti chake.

Gutiere yake haijapigwa msumari kwenye ubao. Inaning'inia. Mikanda ya mpira, iliyokatwa katika tairi kuukuu kama ile ya magurudumu ya chukudu, inatoka kwenye boriti za paa na kuibeba kama kitambaa kinavyombeba mtoto mgongoni. Upepo ukija, inayumba, inarudi. Ikijaa, mpira unanyoka, mdomo wa nje unainama, matope yanamwagika, na mpira unairudisha juu.

Lionel alitoka na mwavuli. "Prefe, utakufa na mafua."

"Nani alikutengenezea hii?"

"Mwenyewe. Ilianguka mara mbili, muke akasema ya tatu atanifunga miye pale juu."

"Na kwa nini hukuwaonyesha pale kazini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mwalimu hakai kwenye dawati la mwanafunzi. "Prefe, kapita analipwa kuangalia, hapana kuwaza. Nikitoa akili, batu watasema: kumbe kapita naye ni fundi, basi ashike nyundo. Na patron atasema: kumbe una muda ya kuwaza? Filimbi ilikuwa nguo yangu. Bila ile, niko uchi."

Nilikuwa nimemwona kama saa yenye miguu. Kumbe alikuwa na gunia lake pia, tena zito kuliko la wenzake, kwa sababu yeye hakuwa na mtu wa kuruka naye juu ya mti.

Sikumwamuru arudi. Mkewe alinipa chai ya tangawizi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimewasimulia. Baadaye Akonkwa akachukua ile saa mezani, akaifuta kwa shati lake, akatoka nayo.

Jumatatu, 3 Novemba

Lionel amerudi! Akonkwa anasimulia kwamba alimpigia magoti mlangoni, Lionel anasema ni uongo, Akonkwa aliingia, akala wali wote, akasema, "Kaka, bila weye hatuna mutu ya kucheka. Rudi." Vyovyote, saa iko mkononi mwake na nyundo iko katika mkono mwingine.

Wanakata tairi. Shakila mwenyewe anakata, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Zéphirin amesimama anatazama, na leo Lionel alimwendea akasimama karibu yake, wakatazama pamoja.

Jumatano, 5 Novemba

Wamekata mikanda mirefu mno. Walipojaribu kwa ndoo, gutiere iligeuka ikammwagia Habi kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Tulicheka mpaka Shida akaketi chini. Lakini Zéphirin hakucheka.

"Rudia," akasema.

"Papa, nimelowa!"

"Umeisha kulowa. Rudia."

Wakamwaga tena. Gutiere ikageuka tena, maji yote chini, halafu mpira ukairudisha. Zéphirin akainua kidole. "Mama wa Munigi hanywake mvua ya kwanza. Tukifunga kamba hapa, ipite ndani ya ukuta, mama anavuta, gutiere inageuka, mvua ya kwanza inaanguka chini. Paa ikitakata, anaachia."

"Akiwa kwa kitanda?" akauliza Shida.

"Akiwa kwa kitanda."

Watu wazima wamerukaruka kama watoto wa shule siku ya likizo, nami mmoja wao, na kofia yangu imeanguka kwenye ndoo.

Niandike hili vizuri. Kosa lenyewe lilikuwa mikanda mirefu. Katika atelye ya Septemba, kosa lile lingefichwa kabla kapita hajapiga filimbi, na kamba ya Zéphirin isingezaliwa kamwe. Anayelipwa kwa kipande na kukemewa kwa kila kosa hawezi kusema "rudia". Hana ruhusa ya kulowa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua ndogo. Kamba ilikwama ukutani. Shida ameipaka sabuni.

Jumatano, 12 Novemba

Munigi. Tumefika mchana na mawingu meusi yamesimama juu ya mlima. Lionel na Habi walikuwa bado juu ya ngazi tone la kwanza lilipoanguka.

Majirani walikuja wote, wamesimama chini ya bati zao, mikono kifuani. Ilikuja mvua ya kweli, mvua ya mawe kwanza, kisha maji kama ukuta. Mama Nyirakamana alikuwa ndani. Tuliona kamba inavutwa. Gutiere ikainama kama mtu anayesalimu, na maji yenye majivu, meusi, yakamwagika chini. Tukangoja. Hakuna aliyepumua, nadhani. Upepo ukaipiga, ikayumba kupita kiasi, Shakila akanishika mkono mpaka nikaumia. "Isimame, isimame, isimame," alikuwa anasema.

Ikarudi. Kamba ikaachiwa. Mpira ukanyanyua mdomo wa gutiere, na maji safi yakaingia katika pipa kwa sauti ambayo mtu wa Munigi anaijua kuliko sauti ya kengele.

Mlango ukafunguka. Mama Nyirakamana alisimama pale, mkavu kuanzia kichwani hadi miguuni, akitazama mikono yake mikavu.

"Nimekaa," akawaambia majirani. "Munasikia? Mvua imeanza na miye nimekaa!"

Mstari mzima umeagiza.

Jumanne, 25 Novemba

Kazi. Kazi. Kazi. Redio imefunguliwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Assani alikuja, akaona foleni mlangoni, akafurahi kwa dhati. Kisha akamwambia Shakila mbele ya wote, tena kwa nia njema, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuwa:

"Shemeji, umeweza. Sasa sikiya. Kwa mbio hii, punguza bei ya kipande kidogo tu. Ile inayobaki unanilipa sawa na saruji ingenilipa. Parsele inabaki yako. Wote tunapona."

Nyundo zote zilisimama. Shida alikuwa na chuma cha moto mkononi, na risasi ikidondoka chini bila yeye kuona. Akatazama magunia, ambayo yamekunjwa pembeni. Wote waliyatazama.

Shakila aligusa magunia kwa mguu. Alikuwa akipoteza kitu upande huu na upande ule, na alijua.

"Shemeji, siwezi."

"Ni kidogo tu."

"Ile kidogo nilishaichukua mara moja. Ilinilipisha miaka. Chukua parsele, lakini bei haishuki."

Assani akashika ndevu. Hakukasirika, alihuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amegeuka kuondoka Habi alipokohoa.

"Papa Assani, saruji yako inaomba nafasi gani?"

"Upande wa barabara. Nusu tu. Lakini bati zenu zimelala kila pahali."

"Zinalala sababu hakuna aliyeziambia zisimame," akasema Akonkwa.

Lionel alikwisha kuchukua makaa, anachora ukutani. Bati zitundikwe wima chini ya paa kwa mikanda ya tairi; gogo lihamie nyuma; meza ya Shida ining'inie, ishushwe kwa kazi na kuinuliwa jioni. Zéphirin alifuta mstari mmoja kwa kiganja, akauchora mahali pengine. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyewaambia wafikiri. Assani alisogea karibu, akainama, na baada ya muda kidogo naye akachukua kipande cha kaa.

Jumamosi, 20 Desemba

Saruji imeingia upande wa barabara. Atelye imebaki upande wa nyuma, imebana, imetundikwa kama duka la nyama, na inafanya kazi. Leo wamelipwa bei ileile.

Shakila ataanza kusoma kurasa hizi kesho. Ameniambia tayari ni wenye atelye gani atawapa baada yake. Basi ninawaandikia hao. Msinunue filimbi mpya. Leo, kabla hamjafunga kazi, wakusanyeni watu wenu na mwahidi mbele ya mashahidi kwamba atakayeonyesha njia fupi zaidi hatapunguziwa malipo.